Naombeni ushauri: korona ilipita, mimi nimebaki ndani

Wakuu, naishi Ngamiani, Tanga. Tangu utotoni mimi si mtu wa watu. Machi 2020, korona ilipotangazwa nchini na shule kufungwa, wenzangu walilia upweke. Mimi, Mungu anisamehe, nilipumua. Hakuna kupeana mikono, hakuna anayeuliza mbona hukuonekana harusini. Na barakoa ikanisitiri uso.

Watu wamerudi barazani zamani, kahawa na kashata kila jioni. Mimi bado napita uchochoro wa nyuma. Juzi mjomba kanisema mbele za watu: "Hata msibani unatuma rambirambi kwa simu?" Niliumia, maana kasema kweli.

Baraza la kila siku siliwezi, ila kuzikana nataka. Nianzie wapi bila kujilazimisha kuwa msemaji?