Bunduki ya kuwindia ndani ya gari mkisimama njiani: boksi la chuma, kebo au kituo cha polisi? Wenye uzoefu karibuni

Kwale_Dodoma
Wakuu habari za Jumapili. Nina shotgani geji 12, ile ya mitutu miwili ya juu na chini, na gari ni Hilux dabo kebini. Msimu ukifunguliwa huwa tunatoka Dodoma usiku mimi na wenzangu wawili kuelekea upande wa Itigi, tunapiga kanga na kwale kwa leseni, hatuna makuu. Porini sina shida, bunduki iko mkononi. Shida ni njiani. Mkifika Manyoni mnataka supu, mnataka choo, mara pancha, mara mmeamua kulala gesti kwa sababu dereva anasinzia, na bunduki ndefu huwezi kuingia nayo kwa mama ntilie ukaiegemeza kwenye meza kama mwavuli. Mpaka sasa nimekuwa naifunika blanketi nyuma ya siti na kuomba Mungu, na wife ameshasema safari hii nisipopata suluhisho haitoki nyumbani.

Nimewaza njia nne: boksi la chuma la kuchomelea, ile kebo ya chuma ya kuzungusha kwenye mguu wa siti, kuiacha kituo cha polisi pale tunapolala, au kumwacha dogo mmoja ndani ya gari tukila kwa zamu. Aliyewahi kutumia mojawapo aniambie ukweli wake, siyo nadharia.

Mzee wa Hardtop
Kijana, blanketi ndiyo tangazo lenyewe. Mwizi akiona blanketi limekunjwa kwa urefu nyuma ya siti anajua kabisa hapo hakuna mtoto amelala.

Mimi nilishaibiwa, nisikufiche. Zamani kidogo, tumelala gesti moja kwenye mji wa njiani, geti lina mlinzi na rungu lake, nikasema hapa salama. Asubuhi kioo kidogo cha pembeni kimetolewa na mpira wake kwa ustadi kabisa, hata hakijavunjika kimelazwa chini kama sahani. Raifo ilikuwa nyuma kwenye begi lake. Ikaenda. Mlinzi anasema hakusikia kitu. Siku ile nilikaa kituoni mpaka giza naandika maelezo, halafu nikarudi tena na tena miezi mingine, na swali lilikuwa lile lile kila afisa mpya akikabidhiwa faili: kwa nini uliiacha? Thamani ya bunduki unaisahau baada ya mwaka, lile swali halisahauliki, maana unalala unawaza leo iko mkononi mwa nani na inaelekezewa nani.

Kitu kimoja tu kiliniokoa kidogo, bolti ya raifo, kile chuma cha kusukumia risasi ambacho bila hicho bunduki haipigi, nilikuwa nimelala nayo chini ya mto. Kwa hiyo walichobeba ni mtutu na mbao. Tangu hapo hata nikishuka kununua vocha bolti iko mfukoni.

FundiChuma
Shikamoo mzee. Hapo kwenye bolti umegusa penyewe.

@Kwale_Dodoma mimi ni fundi wa kuchomelea, haya maboksi nimeshatengeneza kadhaa, ngoja nikuambie ambavyo fundi mwingine hatakuambia. Watu wanakuja wanataka boksi la kukaa nyuma kwenye bodi, refu, bunduki iingie nzima. Chukua sentimita 120 urefu, 35 upana, 25 kimo, ukitumia shiti ya milimita 3 hilo boksi tupu linakaribia kilo 38 kabla hujaweka bawaba wala kufuli. Milimita 2 ni kama kilo 25 lakini hiyo anayejua kazi anaibenua na tairi liva. Halafu huko nyuma kuna vumbi la barabara ya Itigi na mvua, na kila mtu anayepita anaona boksi lenye makufuli mawili, anajua ndani hamna mihogo.

Sasa wewe una bahati, bunduki yako ni ya kukunja. Hiyo inatoka vipande vitatu, kile kipande cha mbao cha chini ya mtutu, mitutu yenyewe, na kitako chake. Mitutu mingi ya namna hiyo ni inchi 28, yaani sentimita 71. Boksi la sentimita 80 linatosha na linaingia chini au nyuma ya siti ya abiria wa nyuma, ndani ya kebini, halionekani kabisa. Tunatoboa sakafu, tunafunga kwa bolti nne za milimita 10, nati ziwe NDANI ya boksi na kile kichwa cha chini ya gari kiwe cha mviringo ambacho spana haishiki, na chini tunaweka bamba la chuma pana ili mtu akivuta isichanike sakafu. Ukiweka nati kwa nje umemfungulia mwizi mwenyewe. Bawaba nazo ziwe ndani, kitasa kiwe cha kuzama, siyo kufuli la kuning'inia.

jembe_kigoma
Bei gani hiyo fundi

FundiChuma
Njoo inbox mkuu, inategemea na gari

Mtoto wa Kiambu
Sasa wakuu wa TZ, mko sawa? Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977 kwa hiyo sisi wenye leseni ni shabaha tu, weekend ndio hizo tuko range ya Kirigiti tunapigia makaratasi. Kwangu ni bastola, hiyo naivaa, siiachi kwa gari hata nikiwa naenda kununua maziwa. Lakini niko na rafiki wa shotgun ambaye anatumia ile kebo, na nitasema tu ukweli, kebo nyembamba ya milimita 5 ama 6 mtu wa mkasi wa kukata vyuma anaikata mara moja, hata hatoi jasho. Ile nene ya kusokotwa inasumbua mkasi mdogo lakini grenda ya betri haijui nene na nyembamba. Kebo ni ya kuzuia yule mtu amevunja kioo ananyakua na kukimbia. Kwa huyo inafanya kazi poa sana. Kwa yule amekuja amejipanga, hapana.

Na kitu ingine hamjataja, kuna hawa jamaa wa kuzuia mawimbi ya rimoti. Umeshuka umefinya rimoti umeenda, kumbe gari haikufunga, yeye anafungua mlango tu kama gari ni yake. Nimeshakula hiyo, parking ya duka kubwa, wakabeba laptop na earmuffs za range. Sasa nikifunga gari lazima nivute mkono wa mlango na niangalie kibonyezo kimeshuka. Boksi lako la kilo ngapi ni bure kama uliacha gari wazi.

Kwale_Dodoma
Asante sana mzee pole kwa yaliyokukuta. @FundiChuma hilo la kukunja nilikuwa hata sijaliwaza, siku zote naifunga nzima kwenye begi refu. Vipi polisi, kuna aliyewahi?

Mzee wa Hardtop
Mimi nimeshaiacha mara nyingi. Kama mnalala mjini na kituo ni kikubwa hiyo ndiyo salama kuliko zote, hakuna ubishi. Unakwenda na leseni yako, unaeleza, wanaandika namba ya silaha na idadi ya risasi, unasaini, inaingia ghalani. Hesabu risasi mbele yao na wewe andika kwako, usiseme tu boksi mbili.

Tatizo lake ni asubuhi. Wewe unataka kuondoka saa kumi alfajiri ukawahi kanga wakiteremka mitini, mwenye funguo za ghala amelala kwake. Kuna mahali, sitataja, nilikaa kwenye benchi mpaka saa mbili na nusu, jua limewaka, wenzangu wananipigia simu kama wamefiwa. Siku hiyo hatukupata hata njiwa.

binti_tembo
Mimi naomba niulize kwenye ile ya kumwacha dogo kwenye gari. Huyo dogo ana leseni ya silaha? Maana kama hana, halafu anakutwa peke yake na bunduki na risasi wakati mwenyewe uko ndani unakunywa supu, mbona naona kama mmemtengenezea kesi mtoto wa watu. Ile sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015 iliyofuta ya 1991 haina utani na silaha kuwa mikononi mwa asiye na kibali.

jembe_kigoma
Dada sasa hapo umekuza, yuko kwenye gari tu, hajaishika

binti_tembo
Mkuu kamwambie hayo askari wa doria saa saba usiku.

Mzee wa Hardtop
Binti yuko sahihi. Ila zipo namna zake. Bunduki iko ndani ya boksi limefungwa, ufunguo unao wewe mwenye leseni, dogo analinda gari kama anavyolinda gari lolote. Hana anachoweza kufungua. Hiyo ni tofauti na kumkalisha nayo mapajani. Na siku zote mkae mnaliona gari, chagua kwa mama ntilie mwenye dirisha la barabarani hata kama supu yake haina nyama.

mama_Denver
Habari zenu ndugu zangu, mimi ni Mkongo wa Bukavu niko Colorado miaka mingi, mume wangu na mimi tunawinda elki, wale wanyama wakubwa wa pembe, kila vuli. Huku magari ndiyo mahali bunduki zinaibiwa kuliko, watu wanaacha bastola chini ya siti kama pakiti ya pipi. Mpaka jimbo limeweka sheria, imeanza tarehe 1 Januari 2025, bastola ukiiacha kwenye gari bila mtu lazima iwe ndani ya kontena ngumu iliyofungwa na isionekane, na gari lenyewe lifungwe. Bunduki ndefu wameruhusu hata mfuko laini lakini ufungike na bunduki iwe na kufuli ya triga.

Nasema hivi kwa sababu ya neno moja, ISIONEKANE. Sisi tulitoa stika zote kwenye gari. Zamani tulikuwa na stika ya elki, ya duka la risasi, ya klabu. Pasta wetu alicheka akasema gari yenu inahubiri kuliko mimi.

Leicester_Mbongo
Hahaha hiyo ya stika kweli kabisa. Na Bongo kuna wale wanaofunga pembe kwenye bampa, halafu kijana kavaa kofia ya jeshijeshi, hapo hata mwizi usiposhughulika naye utashughulika na wenye magwanda yao.

Mimi niko Uingereza, napiga zile sahani za udongo zinazorushwa hewani, wikendi mbili kwa mwezi. Huku polisi mwongozo wao ukiacha gari ni hivi, bunduki iwe kwenye buti imefungwa haionekani, risasi mbali na bunduki, na ubebe kile kipande cha mbao cha chini ya mtutu au bolti uende nacho. Ndiyo maana utamkuta mzee wa Kizungu yuko baa anakula viazi na kile kipande cha mbao kiko mezani pembeni ya chumvi, hakuna anayeshangaa. Kama gari ni la buti wazi, zile za mlango wa nyuma, wanakushauri boksi au kebo iliyofungwa kwenye bodi ya gari. Kwa hiyo mnavyoongea hapa ndivyo hivyo hivyo, ila huku unapark mgongo wa gari ukutani ili buti lisifunguke. Hiyo fanyeni na nyie, haina gharama.

FundiChuma
Hiyo ya ukuta nimeipenda. Kwa Hilux yenye boksi kwenye kebini basi park mlango wa upande wa boksi uwe karibu na ukuta, mwizi apate shida hata kufungua mlango.

Jambo lingine mnisikilize wenye maboksi. Msijaze godoro sponji ndani mkaacha bunduki humo wiki nzima. Sponji inanyonya unyevu, usiku baridi mchana ndani ya gari lililofungwa juani joto linapita nyuzi 50, ule unyevu unatoka unakaa kwenye chuma. Mteja wangu mmoja wa Tanga alifungua baada ya siku kumi akakuta mtutu una madoa ya kutu kama chui. Weka zulia jembamba, paka mafuta, tupia vile vipakiti vya kunyonya unyevu, na ukifika nyumbani bunduki itoke iende kwenye sefu yake. Boksi la gari ni la safari, siyo ghala.

Mtoto wa Kiambu
@FundiChuma na risasi pia zisikae dashboard, zitoke na wewe kwa kibegi.

Kwale_Dodoma
Wakuu nimepata zaidi ya nilichoomba. Mimi naona hivi, boksi dogo la kebini la sentimita 80, mitutu na kitako ndani, kile kipande cha mbao mfukoni kwangu, risasi kwenye kibegi ninachoshuka nacho. Kebo naachana nayo, ningenunua ningejidanganya kwamba nimefunga. Tukilala mjini kituo cha polisi, ila siku ya kuwahi kanga hatulali mjini, tunaendesha kwa zamu mpaka tufike, na dogo atalinda gari bila ufunguo. Mzee shikamoo, bolti chini ya mto nimeikubali.

Fundi, nikuletee gari Jumamosi?

FundiChuma
Lete gari na LETE BUNDUKI YAKO NA LESENI tupime, usiniambie kwa simu. Kuna mkuu alinipigia akasema mitutu ni inchi 28, nikamkatia boksi la ndani sentimita 75 limenyooka safi, siku ya kuchukua kumbe mitutu ni inchi 30, sentimita 76 na kitu. Mpaka leo anabebea jeki na spana.