Naombeni ushauri: gari la kuendesha kwa mikono, nichague wenzo upi?

Tairi_Nne: Wadau, habari za muda huu. Nimepooza kuanzia kiunoni kushuka chini, ajali, huu mwaka wa 3. Mikono ni mizima kabisa. Nataka kurudi barabarani mwenyewe, nimechoka kungoja mtu apate nafasi ndipo nitoke. Gari ni otomatiki. Swali langu ni moja tu, kuhusu wenzo, yaani fimbo ya mkono inayofanya kazi ya makanyagio: wenzo wa kusukuma breki na kuvuta mafuta, au ule wa kusukuma breki na kushusha kuelekea pajani kwa mafuta? Nahitaji jibu wiki hii.

Mama_Pacha: Pole na hongera kwa moyo huo. Baba yetu alikatwa mguu wa kulia, akafungiwa kanyagio la mafuta upande wa kushoto wa breki. Siku moja niliazima gari nikasahau kulikunja lile la kushoto. Mguu wangu ulilikuta nikidhani napumzisha tu, nikasimama hatua mbili kutoka ukutani. Kwa hiyo fikiria pia nani mwingine ataliendesha.

Mzee_Gia: Kijana, afya kwanza. Tafuta dereva mwaminifu, utulie.

Tairi_Nne: Shikamoo mzee wangu. Dereva akiugua mimi sitoki. Akichelewa, nachelewa. Nimeishi hivyo miaka 3.

Fundi_Breki: Wenzo baadaye, ndugu. Unaingiaje garini, na kiti cha magurudumu anakibeba nani? Halafu miguu yako imelala moja kwa moja au huwa inaruka?

Tairi_Nne: Naingia kwa ubao wa kuhamia, peke yangu. Kiti nakichomoa magurudumu, nayatupa nyuma, kisha fremu naipitisha juu ya kifua hadi kiti cha abiria. Dakika 7. Rangi ya kizingiti cha mlango imechubuka pale ubao unapokaa, kwa mazoezi tu. Sasa, wenzo upi?

Fundi_Breki: La miguu hujanijibu.

Tairi_Nne: Inaruka. Sio kila siku. Natumia baklofeni, dawa ya kulegeza misuli. Lakini nimeshatoa nusu ya pesa, na fundi ameanza kuandaa vyuma, atachomelea kwenye nguzo ya usukani. Ni mtu mzoefu, msimseme vibaya.

Jicho_Kali: Uzi wa kutunga huu. Umepooza, halafu miguu inaruka? Chagua moja. Na gari kuendeshwa kwa mikono mitupu nani kaliona?

Dada_Wodini: Mimi nahudumia wagonjwa wa uti wa mgongo, naomba nijibu. Mguu usiosikia amri ya ubongo bado unaweza kukaza na kurusha, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyo chini ya jeraha huendelea kuitikiana yenyewe. Kibofu kikijaa tu, mguu unaruka. Na baklofeni huleta usingizi, hasa dozi ikibadilishwa. Daktari wako anajua unataka kuendesha?

Mama_Pacha: Jicho, Rais Roosevelt wa Marekani aliugua polio 1921, na baadaye akawa anaendesha Ford yake ya 1936 kwa mikono. Jambo la zamani hilo.

Jicho_Kali: Sawa, hilo la miguu nimejifunza. Lakini mwenye uzi bado anaficha kitu.

Fundi_Breki: Nguzo ya usukani imetengenezwa ijikunje gari likigonga. Ukichomelea chuma pale, itakuja kifuani kwako. Vifaa hivi hufungwa kwa bolti na vibano vya gari husika. Na kwa miguu yako, lazima kinga ya bamba mbele ya makanyagio. Ndugu, mguu umewahi kutua kwenye mafuta?

Tairi_Nne: Jumamosi iliyopita. Niliwasha tu, nisikie injini nikiwa nyuma ya usukani. Gia ilikuwa kwenye P, ya kuegesha. Mguu wa kulia ukaruka ukalala juu ya mafuta, injini ikalia, nikaunyanyua kwa mikono miwili kwa kushika suruali. Mwanangu alikuwa amesimama mbele ya boneti. Mke wangu sijamwambia.

Mzee_Gia: Pole sana mwanangu.

Dada_Wodini: Muone daktari, umwambie hilo lote. Kisha omba mtaalamu wa tiba kazi, anayesaidia watu kurudia shughuli zao za kila siku, akupime garini: nguvu za mikono, wepesi wa kuitikia, miguu inavyokaa. Yeye ndiye wa kukwambia wenzo upi.

Tairi_Nne: Nimempigia fundi asichomelee. Amekubali kwa shingo upande. Gari siliuzi. Fundi_Breki, hilo bamba linafunika makanyagio yote mawili, au la mafuta tu?

Fundi_Breki: Yote mawili. Na liwe la kutoka, mkeo naye aweze kuendesha.