Mbwa wa familia hapa Dodoma: kwa mzalishaji au aliyeokolewa?

MamaPacha_Iyumbu
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Tumehamia Iyumbu, nyumba imekwisha ila ukuta umefika nusu. Watoto ni watatu: mkubwa yuko darasa la tano, wadogo ni mapacha wa miaka minne. Baba watoto anataka mbwa wa kubweka usiku, watoto wanataka wa kucheza naye mchana. Nyumba ni moja, mfuko ni mmoja, kwa hiyo natafuta mmoja wa kazi zote mbili.

Kuna mzalishaji yuko Morogoro, anauza German Shepherd. Mtoto wa wiki sita anamtaka laki tano, anasema mbegu safi kabisa, picha za wazazi katuma WhatsApp. Upande wa pili mdogo wangu anaishi Arusha, anasema kule kuna kituo kinachookoa mbwa wa barabarani, wanawatibu, wanawachanja, wanawafunga kizazi, kisha wanawatoa kwa familia kwa kuchangia gharama tu. Yeye anaona kununua mbwa wakati wengine wanagongwa na magari ni dhambi. Mume wangu anasema wa kuokotwa hujui ametoka wapi wala amepitia nini, na nyumbani kuna watoto.

Naomba mnilinganishie, hasa wenye watoto na mnaoishi huku kwenye vumbi na upepo wetu.

Kisasa_Juu
German. Koko tunao wa kutosha mtaani. Laki tano nunua kitu kinachoeleweka, mwizi akiona yale masikio yamesimama anabadili njia mwenyewe.

fundi_bati
Na yasiposimama? Jirani yangu Nkuhungu aliuziwa "German" kwa picha. Leo ana miezi minane, masikio yamelala kama ya mbuzi. Muuzaji alimwambia asubiri, sasa hivi hata simu hapokei. Sisemi mbwa mbaya, ni mwaminifu na wanampenda, ila waliyelipia siye waliyenaye.

Halafu kila muuzaji atakwambia ukoo umetoka kwa mbwa wa polisi. Hao mbwa wa polisi sijui wanazaa saa ngapi na kazi wanafanya saa ngapi.

BwanaMifugo_Kata
Mama Pacha, kazi yangu ni mifugo, na mbwa naletewa kila wiki. Tuweke bei pembeni kwanza, nianze na huyo mtoto wa wiki sita. Ni mapema mno. Akae na mama yake mpaka wiki nane angalau. Zile wiki za kugombana na ndugu zake ndizo zinazomfunza kwamba ukimng'ata sana mwenzako anapiga kelele na mchezo unakwisha. Ukimtoa kabla, hilo somo atakuja kulisomea kwenye vidole vya mapacha. Muuzaji ana haraka kwa sababu umri huo watoto wanaanza kula kwelikweli na chanjo zinaanza kudaiwa.

Ukitaka kwa mzalishaji, nenda kwake. Ukifika mwangalie mama kuliko unavyomwangalia mtoto. Mama anayejificha uvunguni, au anayetaka kukurarua hata mwenye nyumba akiwa amesimama pale, usitegemee watoto wake wawe watulivu. Uliza amezaa mara ngapi. Jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka na mimba yake ni siku 63 hivi, kwa hiyo mwenye tamaa anaweza kumzalisha mfululizo mpaka achakae. Kwa German uliza pia nyonga: mbegu hii inasumbuliwa na nyonga zisizokaa sawa kwenye tundu lake, na tatizo linarithiwa. Usitarajie kuonyeshwa eksirei, lakini waone wazazi wote wawili wakiinuka na kutembea. Anayeyumba nyuma utamjua.

Kadi ya chanjo iwe na stika iliyobanduliwa kwenye chupa, tarehe, na jina la aliyechoma. Parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuhara damu, huanza kuchanjwa wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka mtoto afikishe wiki 16. Ukiambiwa "keshachanjwa" na ana sindano moja, huyo ndiyo kwanza ameanza.

Sasa upande wa kuokolewa. Faida kubwa haisemwi sana: mbwa mtu mzima umeshamwona alivyo. Mtoto wa wiki nane ni bahati nasibu, awe wa laki tano au wa bure. Wa miaka miwili aliyekaa kituoni, watu wanaomlisha watakwambia kama anavumilia watoto, kama analinda chakula chake, kama anaogopa ngurumo. Tena tayari amefungwa kizazi, gharama ambayo wanaonunua huwa hawaihesabu.

Hasara yake kwako ni huo ukuta. Mbwa aliyezoea kuzurura hakai kwenye ukuta nusu. Atakwenda kusalimia Ntyuka na kurudi keshokutwa, asiporudi na jeraha. Pia Arusha mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Babati na Kondoa, na mnyama wa kuvuka mkoa asafiri na cheti cha chanjo na kibali cha ofisa mifugo. Anza kushughulikia hivyo kabla ya kuahidi watoto.

Nipo_Arusha
Bwana Mifugo umesema kweli, ila niongeze. Huku kuna kituo kinaitwa Mbwa wa Africa, na Dar wapo TAWESO, shirika la kutetea wanyama, kwa hiyo si kwamba ni jambo la Wazungu tu. Hofu ya mume wa dada naielewa, lakini mbwa wengi wanaookotwa hawakuzaliwa wakali. Ni wale watoto ambao mwenye jike alikuwa hawataki akawaweka kwenye boksi kando ya barabara, au mwenye nyumba alihama akawaacha.

Wangu nilimchukua akiwa mkubwa. Siku za mwanzo alikaa chini ya gari, anakula usiku tu tukishalala. Mwanangu wa kwanza ndiye alimtoa, kwa kukaa mbali anasoma daftari lake bila kumwangalia. Ndiyo maana nasema mapacha wa miaka minne ni kazi kidogo: hawajui kumwacha mbwa apumzike. Si kosa la mbwa aliyeokolewa, hata huyo German mtawafundisha vilevile kwamba anayekula na anayelala haguswi.

Jiandae na maswali. Wanaotoa mbwa kwa moyo watataka kujua atalala wapi, nani yuko nyumbani mchana, na kama utamfunga mnyororo kutwa. Ukisema ukuta nusu wanaweza kukuambia rudi ukimaliza. Usichukie. Muuzaji asiyeuliza hata swali moja ndiye wa kumwogopa.

Mrangi_Halisi
Upande wetu wengine tuna suala la najisi, na hapa sijaliona. Kwangu mbwa wa ulinzi yupo, ana banda lake nyuma, chombo chake kimewekewa alama na hakiingii jikoni. Akilamba sufuria tunaosha mara saba, moja kwa udongo, maisha yanaendelea. Dada, kama majirani zako ni Waislamu au una mfanyakazi Mwislamu, ongea nao mapema kabla hujaleta. Mbwa wa kuruka watu getini anaweza kukugombanisha na mtaa mzima, na hapo ukubwa wa German ni shida zaidi ya uzuri wake.

Kisasa_Juu
Mnamtisha mama wa watu. Koko hafundishiki, huo ndio ukweli.

Mzee_Miyuji
Wewe kijana wa Kisasa, ng'ombe wa Bahi na Mvumi nani anawalinda, German? Mbwa wa mfugaji anatembea na watoto wa darasa la tatu kutwa porini, hajui kibanio wala mnyororo, na jioni anahesabu mbuzi kuliko mwenye mbuzi.

Mwanangu Mama Pacha, nashangaa watu wanabishana Morogoro na Arusha wakati njia ya tatu iko mlangoni. Tafuta mtoto kwa mfugaji au kwa jirani ambaye jike lake unalifahamu. Mara nyingi anatoa bure au kwa kilo ya sukari ya heshima. Mama yake unamwona, baba yake huenda ukaonyeshwa akipita. Mwili wake umezoea jua la Oktoba na baridi ya upepo wa Julai, manyoya mafupi, chakula kidogo. Pesa iliyobaki malizia ukuta, nyingine mpe daktari.

BwanaMifugo_Kata
Mzee shikamoo, nakuunga mkono kwa sehemu kubwa. Nitakachopinga ni ile imani kwamba wa kienyeji haumwi. Kupe wanampata kama wengine, na homa zao zinaua. Majike na madume wanaozurura huambukizana uvimbe sehemu za siri kwa kupandana. Unatibika, ila ni sindano za wiki kadhaa. Kwa hiyo bure yake ni ya siku ya kwanza tu: dawa ya minyoo, chanjo zote na kufungwa kizazi vinakusubiri.

Na kichaa cha mbwa hakiulizi mbegu. Chanjo ya kwanza akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Kila Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na karibu na siku hiyo mara nyingi kunakuwa na kampeni za chanjo, sikiliza matangazo ya kata. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Wafundishe watoto wako leo, hata kabla ya mbwa kuja: aking'atwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote aseme papo hapo, asifiche kwa kuogopa viboko. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaonekana hakuna tiba.

Kisasa_Juu, mbwa wa kienyeji anafundishika. Shida ni kwamba German tunamfundisha, huyu tunamrushia jiwe, halafu tunalinganisha matokeo.

MamaPacha_Iyumbu
Asanteni sana. Nimempigia yule wa Morogoro nikasema tunakuja Jumamosi kumwona mama. Akasema mama yuko shamba, yeye atatuletea mtoto stendi, nitume nusu ya hela kwanza.

fundi_bati
Usitume hata mia.

Nipo_Arusha
Mzalishaji wa kweli anajivunia jike lake, angekuwa anakubembeleza uje ulione. Wapo wa namna hiyo, wachache, na wengi wana foleni ya wateja. Ukimpata, laki tano si nyingi.

MamaPacha_Iyumbu
Baba watoto amenyamaza kidogo, ila bado anataja German akila. Swali la chakula: tuna gunia la mahindi lililopigwa na mvua, kwa binadamu siwezi kulisaga. Yakisagwa dona la mbwa pamoja na dagaa si yatafaa?

BwanaMifugo_Kata
Hapana! Hilo nalisema kwa herufi kubwa moyoni. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mbwa ini lake halina ubavu nayo kabisa, anaacha kula, macho na fizi zinageuka njano, anakufa huku watu wakisema amelogwa. Kupika hakuiondoi. Usimpe kuku pia, zika. Dona safi, dagaa waliooshwa mchanga, utumbo uliochemshwa, mafuta kidogo, inatosha kwa mbwa wa kawaida. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vikali.

Jambo jingine: uliza fundi au aliyekuuzia kiwanja kama kuna mtoto wa mbwa aliwahi kufia hapo kwa kuhara damu. Virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Kama ndiyo, asikanyage hapo mtoto asiyemaliza chanjo, na hapo mbwa mkubwa wa kutoka kituoni anakuwa chaguo bora zaidi ya wote.

MamaPacha_Iyumbu
Nimeuliza, kiwanja kilikuwa shamba la mtama, hakuna mbwa. Ukuta fundi anasema wiki tatu.

Mzee_Miyuji
Basi wiki tatu zinatosha. Shemeji yangu wa Mvumi jike lake limezaa, watoto wana wiki tano. Jike lina kadi ya kichaa, nimeiona. Njoo na watoto wote watatu, si baba peke yake, uone wao wanavyokaa naye na yeye anavyokaa nao. Mkiona hapana, hakuna atakayenuna.

Kisasa_Juu
Mzee, wamebaki wangapi?

Mzee_Miyuji
Madume wawili na jike mmoja. Jike hatolewi mpaka mchukuaji aahidi mbele ya Bwana Mifugo kwamba atafungwa kizazi.