Kadi ya harusi: Playfair Display, Cinzel au Abril Fatface?

Mpambe_wa_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anaoa na kamati imenikabidhi kazi ya kadi. Kwa majina ya maharusi nimebakiza fonti (mitindo ya herufi) tatu, zote za bure: Playfair Display, Cinzel na Abril Fatface. Ipi inapendeza zaidi? Nataka kadi iwe na heshima. Ijumaa napeleka kwa mchapaji.

Fundi_Wino
Mkuu, swali lako ni nusu. Kadi ya rangi gani? Ukubwa gani? Unachapa kwa mashine ya dijitali, kwa skrini (wino unapenyezwa kwenye kitambaa cha wavu) au kwa foili (utando unaong'aa unaogandishwa kwenye kadi)? Na majina yenyewe ni yapi? Bila hayo kila mtu atakupa anachokipenda yeye.

Binti_Makorora
Playfair, funga mjadala. Chukua ile ya herufi zilizoinama (italiki), weka alama ya & katikati ya majina mawili. Inajikunja kama utepe, huhitaji ua wala pambo jingine. Kadi ya dada yangu tulifanya hivyo na watu bado wanaiulizia.

Kipanga77
Cinzel. Harusi ni jambo zito, na zile ni herufi za Kirumi za kuchongwa kwenye mawe. Ndiyo ile fonti ya Trajan, wamebadilisha jina tu.

Mzee_wa_Chapa
Kijana wangu, kabla hujachagua sikiliza yaliyonikuta. Tulikuwa na kadi 250 za rangi ya damu ya mzee, maandishi ya dhahabu, kazi ya skrini. Nikachagua fonti ya Bodoni kwa sababu naipenda hadi leo. Jamii hiyo ya herufi, tangu kwa Giambattista Bodoni kule Parma, Italia, katika karne ya 18, inasimama juu ya tofauti ya mistari: mnene kabisa pembeni ya mwembamba kama unywele. Kwenye kompyuta ilikuwa tamu kuitazama. Maharusi walikuwa Hemedi na Halima. Kadi zilipotoka, kile kijiti cha katikati ya H hakikushika rangi, zikabaki nguzo mbili zimesimama. Herufi e nazo zilipoteza kijiti cha ndani zikawa c. Mama mzazi akaishika kadi, akaigeuza, akaniuliza, “Hili jina la nani?” Sikuwa na jibu. Tulizirudia zote kwa fedha yetu, zikiwa zimebaki siku tisa. Mchapaji alisema faili ndivyo lilivyokuja, na kweli hakuna aliyeomba nakala moja ya majaribio. Playfair na Abril zina mistari hiyohiyo myembamba.

Binti_Makorora
Pole sana mzee. Ila hiyo ni skrini, na Bodoni ni nyembamba kuliko Playfair.

Dizaina_Mwenge
Kipanga, hapo rekebisha. Trajan ni kazi ya Carol Twombly, kampuni ya Adobe waliitoa 1989, na chimbuko lake ni maandishi yaliyo chini ya mnara wa Trajan mjini Roma. Cinzel ni ya Natanael Gama, kaichora mwenyewe. Zimekunywa kisima kimoja, lakini si fonti moja.

Kipanga77
Kwa macho ya mgeni mwalikwa tofauti iko wapi?

Dizaina_Mwenge
Kwa mgeni labda hakuna. Kwa aliyekesha akizichora ipo.

Mpambe_wa_Tanga
Samahani wakuu, nilisahau. Kadi ni kijani iliyokolea, inchi 5 kwa 7, foili ya dhahabu. Majina ni Emmanuel na Ng'wasi.

Fundi_Wino
Sasa tunaongea. Cinzel haina herufi ndogo. Ukiandika ndogo unapata kubwa zilizopunguzwa kimo. Kwa majina itapendeza, lakini usithubutu kuandikia “tunayo furaha kukukaribisha”, macho yatachoka. Halafu hiyo Ng'. Kibodi inakupa kimstari kilichosimama wima, na kwenye herufi za mapambo kinaonekana kama msumari. Weka kile kilichopinda kama koma iliyopanda juu, kisha kisogeze kwa mkono mpaka kikae karibu na g. Jina la bibi harusi lisikatike vipande viwili.

Binti_Makorora
Hapo kwenye Ng' umenena. Shangazi yetu aliandikwa bila hiyo alama na alilisema hadi siku ya shughuli.

Dizaina_Mwenge
Kama ni Playfair, angalia tarehe. Tarakimu zake za kawaida zina vimo tofauti: 3, 4, 5, 7 na 9 zinashuka chini ya mstari, 6 na 8 zinapanda, 0 inafanana na o. Namba za simu za kamati zinaonekana kama zinacheza. Tarakimu za kimo sawa zimo ndani, mwambie anayepanga aziwashe.

Kipanga77
Mbona hakuna aliyetaja Cooper Black? Ya Chicago, 1922, nene na ncha za duara. Haina unywele wa kupotea.

Binti_Makorora
Hiyo ni ya kibao cha saluni, si ya kadi.

Mzee_wa_Chapa
Saluni ya mke wangu inayo na inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Mpambe_wa_Tanga
Asanteni. Naelekea Cinzel kwa majina, ila Abril bado inanivuta, ule unene wake. Kesho naomba kipande cha majaribio cha zote mbili.

Fundi_Wino
Sawa. Na kadi za mchango je, zilishatoka? Zilitumia fonti gani?

Mpambe_wa_Tanga
Zilitoka mwezi uliopita kwa WhatsApp, zilitengenezwa na mjumbe mwingine wa kamati. Sijui hata ni fonti gani.

Binti_Makorora
Tuma picha tuione.