STUDIO YETU MIKINDANI 📺 (wanachama 43)

*Alhamisi*

[19:06] Mama Nasra: Asalaam aleikum, hamjambo wote. Nakumbusha kwa mara ya tatu wiki hii. Jumamosi saa nne asubuhi afisa maendeleo ya jamii anakuja kuiona studio yetu ya runinga ya mtaa. Anataka vitu viwili tu, majina ya wasimamizi watano na daftari la fedha. Majina sina. Daftari ninalo, lina ukurasa mmoja, na nusu ya huo ukurasa Nasra kachora samaki.

[19:07] Mama Nasra: Waliotoa elfu kumi ya mwezi huu:
Mama Nasra ✅
Mwalimu ✅
Salumu wa Marekani ✅ (katoa ya miezi sita, Mungu amzidishie)
Mama Rehema nusu
Wengine mko kimya kama mmemwagiwa maji. Alama za kusoma naziona.

[19:09] Dulla Boda: Mimi yangu nilitoa kwa mafuta. Mgeni rasmi nani alimrudisha Ligula usiku ule?

[19:09] Mama Nasra: Mgeni rasmi gani?

[19:10] Dulla Boda: Yule aliyekuja kuzindua feni 😂😂

[19:10] Mama Zuhura Ususi: 😂😂😂 Dulla utatuua

[19:14] Fundi Chande: Feni imeshapona. Ila ukiipeleka namba tatu maikrofoni inavuma kama umekaa kwenye ngalawa na kusi imekaza. Mnaporekodi izimeni.

[19:15] Mama Zuhura Ususi: Na sisi tufe? Juzi nimekaa pale dakika ishirini nafundisha kusuka, madirisha yamezibwa na trei za mayai, nimetoka kanga imenigandia mgongoni kama nimetoka kuopoa pweza.

[19:16] Fundi Chande: Trei zikitoka sauti ya watoto wa uani inaingia yote. Kipindi cha Mwalimu kuna mahali jogoo anamjibu.

[19:16] Dulla Boda: Jogoo aongezwe kwenye wasimamizi, walau anaamka mapema

[19:20] Mama Nasra: Jamani. MAJINA.

[19:41] Juma Shemeji: 👍

[19:41] Mama Nasra: Juma hiyo dole ni ya nini? Unakubali kuwa msimamizi?

[20:31] Salumu (Marekani): Shikamooni wakubwa. Huku ni mchana, niko mapumziko ya kazini. Nawaambieni tu kwa faida. Mji ninaokaa, studio kama hiyo iko nyuma ya maktaba. Mkaazi yeyote anafundishwa kamera bure, akishafuzu anaiazima, anarekodi mambo yake, zamu yake ikifika inarushwa. Kampuni ya kebo hairuhusiwi kuchagua kipi kionekane. Na hakuna mchango wa elfu kumi kumi. Nyaya za kampuni zinapita kwenye barabara za mji, basi mji unawatoza. Sheria yao ya 1984 imeweka ukomo, isizidi asilimia 5 ya mapato yao ya kebo. Hapo ndipo studio inapokula. Bodi ni wakaazi wenyewe.

[20:33] Dulla Boda: Asilimia 5! Hapa mwenye kebo mwenyewe umeme kavuta kwa jirani 😂

[20:36] Mwalimu: Kwetu kinachokaribiana na hicho ni ushuru wa huduma. Kampuni inailipa halmashauri sehemu ndogo ya mauzo yake. Lakini ndani yake hakuna fungu la runinga ya mtaa.

[20:37] Dulla Boda: Si na watu wa gesi wanalipa huo ushuru? Tukaombe wa gesi! Ntwara kuchele!

[20:40] Mwalimu: Dulla, gesi ni ya Msimbati na kiwanda kiko Madimba. Kote huko ni Halmashauri ya Wilaya. Sisi ni Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Ukifika kuomba utaonyeshwa mpaka, utapewa na maji ya kunywa, utarudi.

[20:41] Dulla Boda: Kwa hiyo bomba limekwenda Dar, ushuru umebaki Madimba, sisi tumebaki na kikundi cha wasapu

[20:44] Salumu (Marekani): Na msidhani huku mambo ni laini. Watu wanakata kebo, wanatazama kwenye intaneti, na huko ile asilimia 5 haipo. Studio yetu nayo inahangaika.

[20:45] Mama Nasra: Salumu mwanangu ahsante, ila Jumamosi afisa hatui Marekani, anashuka stendi ya Mikindani. Naomba majina. Naanza mimi katibu. Mwalimu mwenyekiti. Mama Zuhura mweka hazina. Fundi Chande mtunza vifaa. Amebaki mmoja.

[20:47] Mwalimu: Kabla ya majina kuna kusajili. Ule mkopo wa halmashauri, unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, ulisimamishwa 2023, umerudi 2024, na hauendi kwa kikundi kisichosajiliwa. Tena umegawanywa: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Wazee wa kiume kama mimi hatumo. Halafu ni mkopo jamani, unarudishwa. Mtarudisha kwa kipindi cha kusuka? Na tukianza kuweka habari mtandaoni kuna leseni ya TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, mambo ya kanuni za 2020 hayo, si kushika simu tu na kusema.

[20:48] Dulla Boda: Mwalimu wewe bado kijana, meno tu ndiyo yamestaafu

[20:52] Mwalimu: Nilikufundisha darasa la nne, Dulla. Madaftari yako ninayo.

[20:52] Mama Zuhura Ususi: 😂😂😂😂 kimekwisha

[21:03] Baba Twalibu: Nimesoma hapo juu. Mtunza vifaa Chande. Tena?

[21:03] Baba Twalibu: Jenereta iko wapi?

[21:05] Fundi Chande: _Ujumbe huu umefutwa_

[21:06] Baba Twalibu: Usifute. Andika.

[21:09] Fundi Chande: Baba Twalibu, hilo nilishalieleza kikaoni. Iliungua.

[21:10] Baba Twalibu: Kikao kipi? Tulikuwa kwenye matanga ya watu. Ulininong'oneza kwenye jamvi na mimi nina sahani ya pilau mkononi. Kile ndicho kikao?

[21:11] Baba Twalibu: Na iliyoungua iliwashaje friji la soda Ramadhani nzima? Soda zenyewe zilikuwa zinauma meno kwa baridi.

[21:12] Mama Nasra: Jamani tusirudi huko, tulishasameheana

[21:12] Baba Twalibu: Nani alisamehe? Mimi nilitoa elfu sabini ya korosho. Sikusamehe, nilinyamaza.

[21:19] Mama Rehema: Nusu nyingine nitaleta kesho nikimaliza kuuza dagaa

[21:20] Dulla Boda: Dagaa kisado bei gani mama

[21:20] Mama Rehema: Njoo gengeni tutaongea

[21:21] Mama Zuhura Ususi: Niwekee na mimi, wasiwe na mchanga kama wa juzi

[21:22] Mama Nasra: HAPA SI FERI. Fundi, vifaa vilivyopo sasa hivi viko vingapi? Andika hapa kila mtu aone.

[21:40] Fundi Chande: Kamera moja. Mlango wa betri umefungwa gundi ya karatasi, ukiivuta haraka inazima. Maikrofoni mbili, moja ya kubana kifuani imevunjika kibanio, tunaifunga kwa uzi wa kanga. Taa mbili, balbu moja. Meza nimeazima kwangu. Kompyuta hakuna, kijana anahariri kwa simu yake, na simu yake imejaa mechi za Ndanda. Waya kutoka studio hadi nguzo ya mwenye kebo hatujanunua, ni mita mia mbili na zaidi. Bila huo waya tunajirusha wenyewe kwa wenyewe.

[21:43] Mwalimu: Hii ndiyo taarifa ya kwanza yenye akili kwenye kikundi hiki tangu kifunguliwe.

[21:50] Baba Twalibu: Jenereta haimo kwenye orodha.

*Ijumaa*

[06:58] Mama Nasra: Ijumaa njema. Bado jina la tano. Baba Twalibu ukikubali kuwa wa tano utaisimamia jenereta mwenyewe.

[07:30] Baba Twalibu: Siwezi kusimamia kitu kisichokuwepo.

[08:15] Mama Nasra: Kuhusu kompyuta msiwe na wasiwasi, kuna mtu kaahidi mpya kabisa.

[08:16] Dulla Boda: Nani huyo mwenye heri?

[08:22] Mama Nasra: Mtu tu. Mpenda maendeleo.

[08:23] Dulla Boda: Mpenda maendeleo wa kata au wa jimbo? 👀

[08:24] Mama Zuhura Ususi: Eeh! Ndiyo maana juzi kaja kupiga picha kwenye kile kiti cha bluu!

[08:31] Mama Nasra: Alikuwa anapita. Hajaahidiwa chochote, kasema akipata nafasi atazungumza na wananchi dakika tano kila wiki. Ni nini kibaya?

[08:33] Mwalimu: Kila wiki.

[08:35] Salumu (Marekani): Sijalala bado. Mama, kwenye studio yetu anayegombea anakaribishwa kama mkaazi mwingine. Anapanga foleni. Na mpinzani wake anapanga foleni. Kompyuta hainunui foleni.

[08:36] Mama Nasra: Salumu lala.

[14:10] Bi Mkubwa Somoe: Naandika mimi mjukuu wake, yeye anasema mimi naandika.

[14:10] Mama Zuhura Ususi: Shikamoo Bi Mkubwa

[14:10] Mwalimu: Shikamoo Bi Somoe

[14:11] Dulla Boda: Shikamoo bibi 🙏

[14:11] Fundi Chande: Shikamoo Bi Mkubwa

[14:12] Juma Shemeji: Shikamoo bibi

[14:13] Mama Nasra: Shikamoo mama yangu, tulikuwa tunakuja kukuona jioni

[14:26] Bi Mkubwa Somoe: Marahaba nyote. Nimesomewa maneno yenu yote, hata ya dagaa.
Chumba kile alikuwa anakaa marehemu na redio yake ya mbao. Jioni mtaa mzima unakuja, anatandika jamvi, hakumuuliza mtu unatoka ukoo gani wala umeleta nini.
Mwaka 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, nilibeba huyu anayeandika nikakimbilia shuleni. Mmoja anakuja anasema bahari imeshapanda, mwingine anasema kesho, mwingine anasema kimegeuka. Nimekaa na mtoto mgongoni mpaka nikaota sugu, hakuna wa kumwamini. Kimekwenda kutua Msumbiji, nimekuja kuambiwa na mtu aliyeambiwa na mtu. Amekuja Hidaya Mei 2024, barabara imekatika kule Somanga, wanangu wako kwenye basi, habari zile zile za mtu kasikia.
Kwa ajili hiyo nimetoa chumba. Sikukitoa kwa ajili ya harusi. Sikukitoa mtu aje akae kwenye kiti cha bluu aombe kura.
Ufunguo tangu leo unakaa kwangu, kwenye pindo la kanga. Anayetaka kurekodi aje anisalimie aniambie anakwenda kusema nini, si nimkataze, nijue.
Na Chande mwanangu, jenereta nataka niione uani kwangu kabla ya mgeni. Nzima au maiti.

[14:27] Mwalimu: Tumesikia Bi Mkubwa.

[14:29] Baba Twalibu: Tumesikia.

[14:40] Dulla Boda: 🙏

[15:02] Fundi Chande: Nimesikia mama.

[17:55] Mama Nasra: Basi tuseme hivi. Mwenyekiti Mwalimu, katibu mimi, mweka hazina Mama Zuhura. Mtunza vifaa tutaliona kesho. Wa tano ni Bi Mkubwa mwenyewe kama ataridhia. Kompyuta nimemwambia yule bwana asubiri.

[17:58] Mama Zuhura Ususi: Mimi sijasema nimekubali hazina. Hela ya watu inanipa presha.

[18:20] Mwalimu: Asubiri au asilete?

[18:47] Mama Nasra: Asubiri.

*Jumamosi*

[08:51] Fundi Chande: _Picha_
Iko uani kwa Bi Mkubwa. Msivute kamba, imekatika ndani.

[08:53] Baba Twalibu: Hiyo siyo. Yetu ilikuwa nyekundu.

[08:55] Fundi Chande: Niliipaka rangi, ilikuwa inashika kutu. Mikindani hapa chumvi tupu.

[08:56] Baba Twalibu: Chumvi ikala rangi na tangi pia? Ya kwetu ilikuwa na tangi kubwa.

[09:38] Mama Nasra: Afisa kapiga simu, kashapita Chikongola. Nani yuko karibu achukue ufunguo kwa Bi Mkubwa, mimi nachemsha chai.

[09:44] Dulla Boda: Nimefika kwa bibi. Hayupo. Jirani anasema alfajiri kaondoka msibani Naumbu.

[09:44] Mama Nasra: Na ufunguo?

[09:45] Dulla Boda: Pindo la kanga 😭

[09:46] Mama Nasra: Mjukuu pokea simu

[09:46] Mama Nasra: Mjukuu

[09:58] Bi Mkubwa Somoe: Tuko makaburini. Bibi anasema mgeni asubiri, maiti haisubiri.

[10:07] Mama Nasra: Afisa kafika. Yuko uani na daftari lake. Viti vyote viko ndani ya studio. Nimemtandikia kanga juu ya jenereta, kakaa hapo anakunywa chai.

[10:08] Dulla Boda: Nikamfuate bibi Naumbu? Mafuta nani?

[10:08] Mama Rehema: Waalaikum salaam. Nimeleta ile nusu, nimpe nani?

[10:11] Baba Twalibu: Mwambieni huyo afisa akinyanyuka asome namba iliyopigwa ubavuni, upande wa moshi. Risiti ninayo mimi.

[10:11] Fundi Chande: _Ujumbe huu umefutwa_