«Papa, kwani uliukanyaga?»: hivi mkeka wa kudansia unauzwa ili utundikwe ukutani?

MiguuMizito, Kampemba:

Ndugu zangu, ninaandika haya nikiwa bado na viatu nilivyotoka navyo dukani, jasho halijakauka, na mkeka wangu umelala pembeni ya mlango kama mbwa aliyegongwa na lori. Simtaji mtu. Nyote mnamfahamu: yule anayepanga maboksi yake mpaka barabarani na kukuapia kwamba kitu ni «orijino» kabla hata hujamwamkia.

Siku tisa zilizopita nilimpa dola 35, nikarudi nyumbani na mkeka wa mishale minne wenye waya wa USB, ili mimi na binti yangu tucheze michezo ya kufuata mdundo kwa miguu. Kompyuta tunayo, na programu ya mchezo wenyewe, StepMania, haiuzwi, mtu huipakua bure. Siku ya sita mshale wa kushoto ukafa. Siku ya nane mshale wa juu ukaanza kujibonyeza wenyewe, sebule ikiwa tupu na taa zimezimwa, hata mama mkwe akauliza kama nyumba hii iliwahi kufiwa na mcheza ngoma.

Leo asubuhi nikaurudisha. Yule bwana akaukunjua juu ya meza yake, akaupapasa kama mtu anayenunua kitambaa cha harusi, kisha akaniangalia kuanzia vidole vya miguu, akapanda polepole, akapumzika kidogo kwenye tumbo, akafika usoni, na mbele ya wateja watano na mama anayeuza mandazi akaniuliza: «Papa, kwani uliukanyaga?»

Nilidhani masikio yangu yamenidanganya. Akarudia, taratibu, kwa sauti ambayo watu humsemeshea mgonjwa aliyetoka kwenye koma: «Ninauliza, uliukanyaga?»

Ndugu zangu, mkeka wa kudansia! Una picha ya mguu kwenye boksi! Nilitakiwa kuufanyia nini, kuupulizia? Kuusomea sala ya jioni? Nilipojibu kwamba ndiyo, niliukanyaga, akawageukia wale wateja na kuwatandazia mikono kama wakili aliyeshinda kesi, akasema: «Mmesikia wenyewe. Garanti haihusu mkeka uliokanyagwa.» Mama wa mandazi alicheka mpaka andazi moja likamponyoka na kubingirika hadi kwenye kiatu changu, na hilo pia nusura niambiwe nimelikanyaga.

Nilipofika nyumbani niliushika wembe nikaupasua mshono. Ndani mna karatasi mbili za plastiki, nyembamba kama mfuko wa mkate, zilizochorwa mistari myeusi ya wino wa kaboni, na katikati yake mna sponji yenye matundu, ili unapokanyaga, karatasi ya juu ipenye kwenye tundu na kuigusa ya chini, umeme upite. Ndiyo siri yote. Sasa, chini ya mshale wa kushoto, mahali hasa mkeka ulipokuwa umekunjwa ndani ya boksi, wino umepasuka kwa mstari mweupe mwembamba kama unywele. Mkunjo ndio uliouua, na ulikunjwa na wao, si na mguu wangu. Lakini aliyesimamishwa kizimbani ni mguu wangu.

Mji wetu huu wa Lubumbashi ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Dunia nzima inawasha taa kwa shaba ya Katanga, na mimi niliyezaliwa chini ya lile bomba la moshi nimeuziwa chombo cha umeme ambacho, ukiacha ule waya wake wa USB, hakina shaba ya kutosha kutengeneza hata sindano. Kimechorwa kwa masizi!

Ninaomba mnielekeze mkeka gani unadumu. Lakini kwanza kabisa ninaomba mtu mmoja mwenye akili timamu anieleze, kwa utulivu, maana ya swali lile. Uliukanyaga?

Yaya_wa_Katuba:

Pole sana, kaka. Ila kabla sijakuonea huruma ninaomba nijue: uliukanyaga?

FundiWaya:

Na mimi ninauliza hilohilo. Tusimhukumu mfanyabiashara kabla ya kuusikia upande wa miguu.

MiguuMizito, Kampemba:

Ninyi ni watu wabaya.

FundiWaya:

Tuzungumze kwa makini sasa, kwa sababu nimeifungua mikeka hiyo mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mikeka laini ya aina hiyo ni ileile tuliyoijua tangu michezo hii ilipotoka kwenye mashine za kumbi za michezo za Japani, ambako Konami iliizindua Dance Dance Revolution mwaka 1998, ikaingia nyumbani kupitia PlayStation mwaka uliofuata. Mashine ya ukumbini ina jukwaa la chuma, paneli ngumu, na vihisi vinne chini ya kila mshale, maana ilijengwa ikijua kwamba vijana watairukia kutwa. Mkeka wa nyumbani ulijengwa uingie kwenye boksi. Huo ndio ukweli mchungu, mzee wangu: ulinunua boksi.

Ukitaka mkeka laini udumu, usiukunje hata siku moja, uviringishe kama mkeka wa kulalia. Cheza kwa soksi au miguu mitupu, kwa sababu kisigino cha kiatu huusukuma mkeka na kuzisugua zile karatasi mpaka wino utoke. Ufunike kila unapomaliza, hasa kuanzia Mei hadi Septemba, kwa maana vumbi letu jekundu huingia kwenye mshono na kulala katika matundu ya sponji. Na usinunue ule mwembamba usio na sponji nene, maana huo hutembea nawe: unaanza wimbo mbele ya televisheni, unaumaliza jikoni.

MiguuMizito, Kampemba:

Ahsante kwa maelezo, fundi, ila yule muuzaji hakuniambia lolote katika hayo. Hakuuliza kama niliukunja. Hakuuliza habari ya vumbi. Aliuliza kama *niliukanyaga*. Na alianza na tumbo!

MamaBinti_Kamalondo:

Jambo kwenu wote. Baba, wewe angalau wako ulifanya kazi siku sita. Wangu mpaka leo unafanya kazi, na hilo ndilo tatizo. Mtu huyohuyo mnayemfahamu aliniuzia mkeka ambao kompyuta inauona kama ile fimbo ya kuongozea michezo, yaani kushoto na kulia vinahesabiwa kama ncha mbili za fimbo moja. Fimbo haiwezi kulala pande mbili kwa wakati mmoja! Kwa hiyo wanangu wakiruka na kutua kushoto na kulia kwa pamoja, kama nyimbo zinavyotaka karibu kila dakika, vinafutana, na mchezo unasema wamekosea. Mtoto wangu mdogo alilia wiki nzima akidhani hajui kuruka. Miezi mitatu nimemwambia ajitahidi, kumbe mtoto anaruka vizuri kuliko swala.

Jambo la kuuliza dukani, kabla hata ya bei, ni kama kila mshale unahesabiwa kuwa kitufe chake chenyewe. Chomeka kwenye kompyuta yao, kanyaga miwili, uangalie kama yote miwili inawaka.

Yaya_wa_Katuba:

Mama, ukikanyaga dukani utapoteza garanti.

MamaBinti_Kamalondo:

Nimecheka mpaka bukari, ugali wangu, imeungua.

Mzee_Ruashi:

Vijana, mnalia kwa ajili ya dola 35. Mimi niliagiza mkeka wa chuma kutoka Ulaya, L-TEK ya Poland, kwa sababu nilisoma kila mahali kwamba wanaocheza kwa bidii huishia huko. Siulaumu mkeka. Una skrubu, unafunguka, ukilegea unaingiza vipande vya kadi chini ya paneli mpaka uitikie mguu mapema, na siku kihisi kikichoka unakibadilisha kihisi, hununui mkeka mwingine. Hiyo ndiyo maana ya kudumu: kitu kinachokubali kutengenezwa.

Aliyeniumiza mimi ni msafirishaji, naye mnamfahamu. Alipouona uzito wa boksi aliniuliza kama ni kipuri cha mgodi. Nikasema ni mkeka. Akaandika «mashine». Nikasema ni mkeka wa kuchezea dansi. Akaniangalia mimi, mtu wa miaka hamsini na tisa mwenye mvi na bakora, akaifuta ile «mashine» na kuandika «mashine ya hospitali». Nililipa kwa kilo, kisha nikalipa kwa ajili ya hospitali. Usafiri na ushuru vilipita bei ya mkeka.

MiguuMizito, Kampemba:

Mzee, pole. Ila angalau hukuulizwa kama...

FundiWaya:

Mzee Ruashi, umesema la maana, na kwa mtu anayecheza kila siku chuma hatimaye ni rahisi kuliko kununua laini kila robo mwaka. Ila niongeze kwamba mkeka si mkosaji peke yake. Kuna mteja aliniletea mkeka mzima kabisa, akilalamika kwamba unachelewa. Kumbe televisheni yake ilikuwa inapamba picha kwanza ndipo inaionyesha, mshale unafika machoni wakati mdundo umeshapita. Washeni hali ya michezo kwenye televisheni, kisha rekebisheni tofauti ya sauti na picha ndani ya StepMania, sehemu hiyo imo. Mtu yule alikuwa ameshaurarua mkeka kwa hasira.

Jirani_wa_Chini:

Mimi sichezi michezo hii. Ninakaa ghorofa ya chini ya mtu anayeicheza. Ninaomba kuuliza, kwa heshima yote, kama kuna mkeka unaodumu *kidogo*.

MamaBinti_Kamalondo:

Jirani, mwambie aweke mpira mnene chini yake, ule wa sakafu za kufanyia mazoezi, tena utamsaidia na yeye, mkeka wake usiteleze. Mwenye nyumba wetu alituma barua ya onyo, ndipo tukajifunza.

Jirani_wa_Chini:

Ahsante, mama. Mwenye nyumba wetu ndiye anayecheza.

Mzee_Ruashi:

Kuna jambo jingine. Kwa nini tusijitengenezee? Vijana wa nchi nyingine hujenga majukwaa ya plaiwudi, wakaweka mabati ya kugusana chini ya kila paneli, wakayaunganisha na ubao wa kibodi ya zamani au Arduino, kile kibao kidogo cha elektroniki unachokipangia programu. Na sisi hapa tuna mafundi wa kuchomea vyuma kila kona.

FundiWaya:

Nimeshajenga mawili, moja bado linafanya kazi. Shaba ni nzuri kwa kugusana, ila huchakaa uso, inafifia na umeme unaanza kusitasita, hivyo kila baada ya muda unaifungua na kuisugua kwa limau na chumvi mpaka ing'ae. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni msiiguse, inachanika kabla ya Jumapili. Juu ya paneli wekeni polikaboneti, si akriliki. Zote mbili zinapitisha mwanga na zinafanana machoni, lakini akriliki ukiirukia inapasuka, polikaboneti inapinda na kurudi. Kwa wanaoweza kuviagiza, vihisi vinavyopima mkandamizo ndivyo bora, maana havitegemei vyuma viwili kugusana, na unaamua kwenye programu mguu uwe mzito kiasi gani.

Tatizo langu lilikuwa kuipata shaba yenyewe. Nilikwenda kununua vipande vinne tu vya bati la shaba, na muuza vyuma akaniuliza mara tatu ninavipeleka wapi. Nilipomwambia ni vya kukanyagia, aliita mwenzake.

Yaya_wa_Katuba:

Shaba ya kukanyagia! Fundi, unajua wewe ulipaswa kulala ndani siku ile?

MiguuMizito, Kampemba:

Ninaomba turudi kwenye suala langu. Nimerudi dukani mchana huu kumdai japo nusu ya fedha. Hakunijibu mimi. Alimwambia kijana wake: «Ni yule papa aliyeukanyaga.» Sasa hilo ndilo jina langu pale. Mama wa mandazi amenisalimu kwa jina hilo, akaniongezea andazi moja bure, na nimelila nikiwa na hasira.

MamaBinti_Kamalondo:

Yale mandazi ni matamu kweli. Fundi, jukwaa moja la plaiwudi linakula mbao kiasi gani? Mume wangu ana vipande vilivyobaki kwenye kabati.

FundiWaya:

Mama, paneli za mashine ya ukumbini zina upande wa takriban sentimita 28, na ziko tisa ukihesabu ya katikati na za pembeni. Jukwaa zima ni kama sentimita 84 kila upande, kisha acha nafasi kidogo ya fremu. Wengi hukata 30 kwa sababu ni rahisi kupima, halafu wanashangaa miguu inakosa mishale wanapocheza kwingine. Chini weka plaiwudi ya milimita 18. Nyembamba itabonyea katikati, na mishale itakuwa inajibonyeza yenyewe.

MiguuMizito, Kampemba:

Kama wangu.

MamaBinti_Kamalondo:

Milimita 18 ipo, nimepima sasa hivi. Kuna fundi seremala wa karibu na Ruashi anayeweza kuikata sawasawa?

Mzee_Ruashi:

Yupo wa kwetu, anakata vizuri, lakini yuko msibani mpaka Jumatatu. Mniachie vipimo, nitampelekea mwenyewe. Nitamwambia ni kitanda cha hospitali.