Mjadala: Tukishatoa damu na mkojo kwa utafiti, nani anatuletea matokeo?

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Tulijadili hili kwa uwazi. Mikataba ya utafiti wa afya baina ya taasisi zetu na washirika wa nje iwe na sharti la kuwarudishia wananchi matokeo kwa Kiswahili, redioni na kwenye mikutano ya shehia? Au fomu ya ridhaa ya mzazi na kibali cha kamati ya maadili vinatosha? Mimi, mzazi wa Wete, nasema havitoshi.

Maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Pemba, ipo tangu mwaka 2000, kwa ushirikiano na Wataliano, na imefanya kazi na watafiti wa mataifa mengi. Sina ugomvi na ushirikiano huo, umetusaidia. Kinachoniuma ni kwamba habari za Pemba zinajulikana Geneva kuliko Gando.

Chukueni utafiti wa madini ya chuma. Watoto wa Pemba wa umri wa mwezi 1 hadi 35 walipewa chuma na asidi ya foliki, wengine wakaongezewa zinki, wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Nia ilikuwa njema, maana watoto wetu wengi walikuwa na upungufu wa damu. Agosti 2003 makundi ya chuma yakasimamishwa, kwa sababu waliopewa walikuwa wakilazwa na kufa zaidi kuliko wenzao. Matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006: watoto 24,076, hatari ya kulazwa au kufa imepanda kwa asilimia 12. Waliopimwa wakakutwa na upungufu wa chuma na wa damu, wao walinufaika. Shida ilikuwa kumpa kila mtoto bila ya kumpima, mahali penye malaria nyingi. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa maeneo yenye malaria nyingi. Waulizeni vijana wa Pemba waliozaliwa 2002: wangapi wanajua kwamba dunia ilijifunza kwao?

Au kichocho. Skuli nimeona mwenyewe: watoto wanapewa vikopo, mtaalamu anauvuta mkojo kwa bomba la sindano, anausukuma kwenye kichujio kidogo cha duara, halafu chini ya hadubini anatafuta mayai ya minyoo ya kichocho, yenye mwiba kwenye ncha moja. Mtoto anarudi nyumbani, mama anamuuliza wamemwambiaje, hana jibu. Ule utafiti mkubwa uliomalizika 2017 ulichukua shehia 90, nusu Unguja nusu Pemba, kulinganisha vidonge peke yake, vidonge pamoja na kuua konokono wanaoeneza kichocho, na vidonge pamoja na elimu ya tabia. Kichocho kilishuka kote, lakini nyongeza zile hazikuleta tofauti kubwa kuliko vidonge peke yake. Fedha za kesho ziende wapi basi? Masheha na wazee walipaswa kulizungumza hilo.

Na waandishi wetu wa habari? Siku ya kutia saini wapo, mgeni rasmi anapigwa picha, posho inatolewa. Miaka mitatu baadaye hakuna anayerudi kuuliza kilichopatikana.

Nesi wa Mkoani anajibu:

Kaka yangu, nakuelewa, lakini mimi ndiye ninayebaki na wazazi. Siku ya vidonge vya kichocho mtoto mmoja akitapika kwa sababu hakula, jioni mtaa mzima unasema watoto wametiliwa sumu. Fikiria 2003 redio ingesema "dawa ya chuma inaua watoto". Nani angekubali chanjo wiki ile? Na utafiti ukiwa katikati hata watafiti hawajui nani kapewa kipi. Mwandishi anauliza nini hapo? Bodi inayofuatilia usalama wa utafiti iliona, ikasimamisha. Utaratibu ulifanya kazi.

Mzazi wa Wete:

Dada, la katikati nakubaliana nawe, tarakimu zisizokamilika zisitangazwe. Lakini utafiti ukisimamishwa, mzazi aambiwe siku hiyohiyo, kwa kuwa kidonge kilikuwa kinaingia mdomoni mwa mwanawe. Uvumi wa sumu unakua pale ambapo hakuna aliyesema kitu.

Na ndiyo maana nataka mwandishi aliyefundishwa kazi hii. Asilimia 12 ile si watoto 12 katika kila 100. Maana yake ni kwamba, kwa mfano, pale ambapo wangelazwa au kufa 100 bila ya chuma, kwa chuma wakawa 112. Asiyejua tofauti hiyo atawatisha watu bure, anayeijua atawatuliza bila ya kuwaficha. Wewe ungekuwa na cha kuwaonesha wazazi wanaokujia na hofu.

Kinachonisumbua ni fedha. Mafunzo na nauli ya mwandishi kufika Micheweni vinataka gharama. Mradi ukimlipa wenyewe, tumerudi kwenye posho, na hatothubutu kuandika kwamba dawa imeshindwa. Mimi naona kila mradi uchangie asilimia ndogo ya bajeti kwenye mfuko mmoja, na mtafiti asiwe na sauti kwenye mfuko huo. Usimamiwe na nani: kamati ya maadili, jumuiya za waandishi, au mabaraza ya wilaya? Hapo nataka kuwasikia wa Unguja pia.